Vizazi Saba vya Nyumba ya Sylvain

Na ijulikane kwa wote wakaao kati ya ziwa na mpaka, kwa wavuvi wa sambaza, wauza vitunguu, maaskari wa doria na masista wa parokia, kwamba mnamo mwaka wa 1999, hapa Gisenyi, aliinuka mtu mmoja kuiokoa historia ya ukoo wake isizame. Hakuwa profesa. Hakuwa padri wa Kizungu mwenye ndevu na kamera. Alikuwa Sylvain Nzabonimpa, karani, umri miaka hamsini na mitatu, mwenye kalamu tatu mfukoni mwa shati, mbili kati yake zikiwa hazina wino. Ukoo wenyewe haukuwa umemwomba.

Sylvain alikuwa karani wa vizazi na vifo katika ofisi moja ya serikali ambayo paa lake lilivuja mahali pamoja tu, juu ya kiti chake. Mtoto akizaliwa, Sylvain alimwandika. Mtu akifa, alimwandika pia, kwa mwandiko uleule, maana hakupenda upendeleo. Kwa siku moja aliweza kuwauliza watu ishirini, "Baba yako nani? Na baba yake?" Lakini ukimgeuzia swali, alifika kwa baba yake Aloys na hapo barabara inakatika. Aloys alitoka Kanama mwaka wa njaa, akiwa kijana, akaenda kuchimba shaba Katanga, akamzaa Sylvain huko Likasi, akafa akiwa ameacha baiskeli na kimya. Watoto wakimuuliza habari za nyumbani alijibu, "Kule iko baridi." Hiyo ndiyo historia yote aliyowarithisha.

Sylvain alirudi nchini mwaka wa 1995 na mkewe Illuminée, binti yao Denyse, na ile baiskeli. Kinyarwanda alikijua, kilikuwa lugha ya nyumbani hata Likasi. Vilima ndivyo hakuvijua, pamoja na vitu vyake. Ng'ombe, kwa mfano, alizoea kukutana naye akiwa ndani ya kopo.

Shida ilianza na mapenzi, kama kawaida ya shida. Denyse aliuza dawa katika duka moja karibu na soko. Jean Paul, fundi wa injini za maboti kutoka Nyamyumba, alikuja kununua dawa ya kichwa. Akarudi kesho yake na kichwa kilekile. Baada ya miezi sita ya kuumwa kichwa, wakakubaliana kuoana, na babu yake Jean Paul akaja kututazama sisi watu wa mtaa wa Sylvain tunafananaje.

Mzee Viateur alikuwa na miaka themanini. Ujanani aliongoza mitumbwi ya sambaza, ile inayofungwa mitatu kwa mitatu kwa miti mirefu, na familia yake aliifunga vilevile: mmoja hageuki mpaka wote wageuke. Alikunywa bia ya ndizi, akapangusa midomo, akaweka kibuyu chini.

"Bon, Sylvain. Nyinyi ni batu ba nani?"

"Mi ni mwana wa Aloys, mzee."

"Aloys wa nani?"

"Wa Kanama."

"Kanama ni kilima. Kilima hakizaake mutu."

Sylvain akatazama viatu vyake. Viatu havikujua.

"Sikutukane," Viateur akasema kwa upole wa mtu anayetaka kutukana. "Mulitoka Congo, muko batu wazuri, viatu vizuri. Lakini mutoto yangu hawezi kuingia nyumba isiyojua baba zake. Kesho tunasikia ni ndugu yake. Donc, siku ya kuomba bibi, wewe utasimama, utanihesabia baba saba juu ya huyo Aloys. Ukifika saba, Denyse ni wetu. Ukikwama, tunakunywa Fanta, tunarudi Nyamyumba."

"Na wewe mzee unajua saba?" Illuminée akauliza kutoka jikoni. Huyu mama ulimi wake haukuwahi kupewa likizo.

Viateur akafumba macho. "Mi ni Viateur wa Bazimaziki, wa Ngarambe, wa..." akaenda mpaka tisa bila kuvuta pumzi. Sylvain aliandika yote. Ndivyo alivyo: akiona jina hewani, hulikamata.

Wageni walipoondoka, Denyse alilia kwa hasira. "Papa, mi naolewa na Jean Paul. Siolewi na mababu yake!"

"Nitayapata majina, Denyse."

"Wapi? Kwenye ile baiskeli?"

Ilikuwa Juni. Siku ya posa ilipangwa Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Sylvain alinunua daftari la kurasa mia mbili, akaandika kwenye jalada: HISTORIA. Halafu akaenda kuomba ruhusa ya kila Ijumaa kwa shefu wake, Johnson, aliyerudi kutoka Uganda na kupenda ripoti kuliko chakula.

"Historia ya ukoo!" Johnson akasema. "Vizuri sana, Bwana Sylvain. Taifa linahitaji watu kama wewe. Utaniletea ripoti."

Hapo inafaa mgeni ajue jambo moja. Huku kwetu mtoto hapokei jina la baba. Anapewa lake mwenyewe, kufuatana na mvua iliyonyesha, jirani aliyegombana na mama yake, au Mungu. Kwa hiyo ndugu watano wa tumbo moja majina yao hayafanani hata kidogo, na huwezi kukamata jina moja ukalivuta kama kamba mpaka kwa babu. Inabidi uulize. Na kuuliza, mwaka ule, ndiko kulikokuwa na mwiba.

Ijumaa ya kwanza alipanda minibasi hadi Kanama, akapita vizuizi viwili vya askari, akashuka, akafungua daftari barabarani. Milango ikafungwa mmoja mmoja. Katika nchi hii, mtu mgeni akija na kalamu kukuuliza baba yako ni nani, hutafuti kiti cha kumpa, unatafuta njia ya nyuma. Orodha za namna hiyo zimewahi kuandikwa hapa. Hapo hata mimi siongezi neno.

Sylvain, aliyekuwa Likasi mwaka ule wa 1994, aliona tu kwamba watu wa Kanama wana haraka. Alimkuta mzee mmoja aliyeshindwa kukimbia kwa sababu ya goti.

"Mzee, unamujua Aloys aliyeenda Katanga?"

"Mimi simjui mtu."

"Baba yako aliitwa nani?"

"Mimi sikuwa na baba."

"Na huyu mama hapa ni bibi yako?"

Mzee akamtazama mkewe aliyeishi naye miaka arobaini. "Simjui huyu. Alikuja kuomba moto."

Sylvain aliandika: *Kanama: watu 0.*

Ijumaa ya pili akaenda Cyanzarwe kwa Phocas, ndugu pekee aliyekuwa naye, mtoto wa shangazi wa mtoto wa mtu, muuza vitunguu wa mpakani. Safari hii alijifunza. Alimtuma Phocas atangulie kuwaambia watu wasiogope, yeye anaandika familia tu, kwa mema. Phocas akatangaza. Lakini mwaka ule waliokuja kuandika familia kwa mema walikuwa watu wa misaada, wakileta maharage, mafuta na maturubai ya shitingi. Sylvain alipofika Ijumaa iliyofuata alikuta ndugu zake arobaini na watatu wamepanga foleni, wenye mifuko mitupu.

"Baba mudogo!" mmoja akamkumbatia. Alikuwa mzee kuliko Sylvain.

"Mimi ni mutoto ya Aloys," mwingine akaapa. "Yule yule wa Katanga. Aliniacha tumboni."

"Una miaka mingapi?"

"Weka ile inayopata mafuta."

Mama mmoja alikuwa na mbuzi wawili na Kiswahili cha Masisi kitupu. Alikuwa amevuka mpaka asubuhi ile. Naye alikuwa ndugu, tena wa karibu. Sylvain aliandika wote arobaini na watatu, kwa sababu karani hakatai raia, na ni baada ya kuandika ndipo akauliza swali lake: baba saba ni nani na nani? Foleni ikamtazama.

"Kwanza maharage," sauti ikasema nyuma.

Waliposikia maharage hayapo, undugu ukaisha kwa dakika tatu. Yule wa tumboni aliondoka akimlaani Aloys. Alibaki Phocas, akijikuna kichwa.

"Sylvain, unatesa batu. Kama ni mambo ya zamani, iko mumama moja Kanama, mukee ya mudogo wa babu yako. Mukagatare. Walimuhamisha na wengine kwa mudugudu. Huyo anajua mpaka meno ya babu yako yalikuwa ngapi."

"Na hukuniambia tangu mwanzo?"

"Uliniuliza ndugu. Huyo si ndugu, ni muolewa."

Hivyo ndivyo Sylvain alivyofika, mwishoni mwa Julai, katika mudugudu, kijiji kipya cha serikali, mbele ya nyumba ya shitingi ya bibi Mukagatare, aliyekuwa mlangoni anachambua maharage. Miaka yake haikuandikwa popote. Alisema Wabelgiji walipoingia alikuwa tayari na meno. Sylvain alipojitaja, bibi alimshika mashavu kwa vidole vya baridi.

"Mtoto wa Aloys! Aloys yule aliyekojoa kitandani mpaka akabalehe!"

Ilikuwa habari ya kwanza ya ukoo kupatikana kwa miezi miwili. Sylvain aliiandika. Halafu akaifuta.

"Nyogokuru," akasema, yaani bibi, kwa Kinyarwanda chake cha Likasi, "mume wako na babu yangu walinyonya titi moja. Nitajie baba yao. Na baba yake huyo, mpaka saba."

Bibi aliacha maharage. Akaweka kiganja mdomoni, akamtazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo sokoni.

"Hayo hayawezi kutoka kwangu, mjukuu."

Sylvain akadhani ni uleule woga wa Kanama. Akafunga daftari kwa heshima, akalikalia. "Basi nyogokuru, nipe habari ya nyumba unayoweza. Nani alimzaa nani. Binti yangu ataolewa au hataolewa kwa hayo."

Uso wa bibi ukafunguka. "Ya nyumba ninayoweza? Hiyo naijua kuliko sala. Kwa njia hiyo utawajua na wengine wote. Toa kitabu chako, kijana, usikikalie."

Akaanza, macho yakiwa mbali, mkono ukipiga wimbo kwenye goti.

"Wa kwanza ni Gaju. Alitoka Nyamyumba, kwa Ngarambe. Alikuja kwa miguu, siku nzima na nusu. Nilipoolewa nilimkuta mzee, meno yameisha, lakini akipita wanaume walisimama."

Sylvain akaandika: *GAJU. Mwanzilishi. Mwenye heshima.*

"Gaju alimzaa Bihogo. Mpole. Ungemwachia mtoto mchanga ukaenda kuteka maji."

*BIHOGO. Mlezi wa watoto.*

"Bihogo alimzaa Gitare. Mweupe! Mpaka unaona haya kumtazama. Huyo alimvunja mguu mtoza kodi."

*GITARE. Mweupe (kuchunguza zaidi). Mpigania haki.*

"Gitare alimzaa Rwirungu. Mwizi. Aliingia shamba la jirani akamaliza maharage peke yake, na ukimfukuza anakuangalia tu."

Sylvain akasita. Karani hasemi uongo, lakini mjukuu ana adabu. *RWIRUNGU. Alipanua mashamba.*

"Rwirungu alimzaa Mayenzi. Huyo alivuka Sebeya wakati wa mafuriko, maji mpaka shingoni, akiwa na mimba."

Kalamu ikasimama. "Mimba, nyogokuru?"

"Ya Bugondo."

Mwishowe Sylvain akaandika: *MAYENZI. Alivuka mto na mke wake mjamzito. Inaelekea alimbeba.*

"Bugondo alimzaa Sine. Na Sine alikufa mwaka wa njaa ya Ruzagayura. Tulilia! Baba yako Aloys alilia kuliko wote, alilala kando yake mpaka asubuhi, na baada ya wiki akaondoka kwenda Katanga. Hakuwa na sababu ya kubaki."

Sylvain alivua miwani. Baba yake, yule wa "kule iko baridi". Kwa hiyo Sine ndiye aliyekuwa babu yake. Alikufa, na mwanawe akaondoka na kufunga mdomo miaka arobaini.

"Mulimuzika wapi, nyogokuru?"

"Kumzika?" bibi akashangaa. "Ilikuwa njaa, mjukuu. Tulilia, halafu tukala."

*Matanga yalifanyika,* aliandika Sylvain, na machozi yakadondoka kwenye daftari, yakachafua Sine.

Wiki iliyofuata, saa ya chakula cha mchana, wenzake walipokwenda kula mishikaki, Sylvain alibaki ofisini akinakili vizazi vyake kwa mashine ya chapa. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kumuuma, tena si kile cha Jean Paul. Kwanza, bibi alimkuta Gaju yu hai, na alimwona Sine akifa. Vizazi saba mbele ya macho ya mwanamke mmoja! Alipiga hesabu kwenye karatasi ya vifo. Ama Mukagatare alikuwa na miaka mia mbili na ishirini, ama kila babu alizaa akiwa na miaka minne. Aliangalia tena. Minne na nusu. Akaandika pembeni: *Zamani watu walikomaa upesi.*

Jambo la pili lilimkatisha njaa kabisa. Gaju alitoka Nyamyumba, kwa Ngarambe. Akafungua ukurasa wa kwanza wa daftari. Viateur wa Bazimaziki, wa Ngarambe. Wa Nyamyumba.

Alirudi nyumbani mchana huohuo bila kuaga, akaketi mbele ya mkewe.

"Illuminée, tumekwisha. Sisi na bale batu ni damu moja. Gaju wetu ni mutoto ya Ngarambe wao. Denyse na Jean Paul ni ndugu."

"Ndugu wa kukutana kwa Gaju? Hata Adamu tunakutanaka."

"Viateur alisema mwenyewe. Nisipofika saba, hakuna harusi. Na nikifika saba, hakuna harusi."

"Basi fika sita na nusu."

"Karani hawezi kufuta mutu."

"Ulifuta kukojoa kwa baba yako," Illuminée akasema, akaendelea kukaanga sambaza.

Kwa wiki tatu Sylvain alizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa ambaye hajaambiwa. Alimuuliza padri kama vizazi vinane ni mbali. Padri alisema inategemea kama unakwenda kwa miguu au kwa baiskeli. Alitamani arudi Kanama akaulize tena, barabara ikafungwa siku kumi kwa sababu za usalama. Denyse alimwona baba yake akimtazama Jean Paul masikioni, akilinganisha, na akaacha kuongea naye. Usiku wa mwisho kabla ya posa alimwambia maneno matatu tu: "Papa, kesho usiniharibie."

Jumamosi ikafika. Shitingi mbili zikatundikwa uani, viti vikaazimwa parokiani, upande huu wetu, upande ule wao. Phocas alikwenda kumleta Mukagatare kwa gari la vitunguu, akamkalisha mbele, amefunikwa kitenge kipya. Johnson naye alikuja, na kalamu. Wazungumzaji wa pande mbili walirushiana maneno kwa saa nzima, wakadanganyana kwa ufundi kama desturi inavyotaka, watu wakacheka. Halafu Viateur akanyoosha fimbo, na kicheko kikakatika.

"Sasa mwenye nyumba. Saba."

Sylvain akasimama na karatasi. Akaikunja, akaiweka mfukoni. Alikuwa ameikariri.

"Mi ni Sylvain wa Aloys," akasema. "Aloys wa Sine."

Upande wa Nyamyumba mzee mmoja akainua nyusi.

"Sine wa Bugondo. Bugondo wa Mayenzi, aliyevuka Sebeya..."

Wazee watatu sasa walitazamana. Mmoja akaweka kitambaa mdomoni. Mukagatare, kwenye kiti chake, alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha, akipiga wimbo kwenye goti.

"Mayenzi wa Rwirungu, mupanuzi wa mashamba. Rwirungu wa Gitare, muweupe, aliyepigania haki. Gitare wa Bihogo, mulezi."

Akanyamaza. Sita. Denyse, mlangoni, alishika mkono wa mama yake. Illuminée akamkonyeza mumewe: kaa chini, kaa! Wageni wengine hawakuwa wanahesabu. Ila Viateur.

"Nasikia sita," mzee akasema. Sauti yake ilikuwa imegeuka. "Iko wa saba?"

Sylvain alimtazama binti yake. Halafu akatazama daftari, lile la HISTORIA, juu ya meza, na karani akamshinda baba.

"Iko, mzee. Wa saba ni Gaju. Gaju alitoka Nyamyumba kwa Ngarambe, babu yako. Donc... tuko damu moja. Unisamehe. Mi sikujua."

Jean Paul akasimama, akakaa. Viateur naye akasimama polepole kwa fimbo yake, midomo ikitetemeka, tukajua sasa ni Fanta na kurudi Nyamyumba. Mdomo ukafunguka. Kikatoka kicheko ambacho hatukujua kinaweza kukaa ndani ya mzee wa miaka themanini. Wazee wake watatu wakaanguka pamoja naye kama mitumbwi iliyofungwa.

"Gaju!" akalia, akimwita Mungu. "Mana yanjye, Gaju! Ile ng'ombe ya babu yangu!"

"Ng'ombe?" akauliza Sylvain.

"Gaju, Bihogo, Gitare, hizo ni rangi ya ng'ombe, we mutoto ya mugodi! Kila mutoto ya kilima anajua. Umenisomea zizi!"

Hapo uwanja ukavunjika. Watu walilia kwa kucheka, Phocas alishikilia nguzo, mama mmoja akaomba maji. Sylvain alibaki amesimama, mdomo wazi, akitafuta pa kuweka mikono. Aligeuka kwa bibi.

"Nyogokuru. Nilikuuliza baba zangu."

"Uliniuliza majina ya baba mkwe wangu na wakubwa wake," Mukagatare akasema, hakuwa akicheka hata kidogo. "Mwanamke aliyeolewa hayataji hayo, mjukuu. Ni *gutsinda*. Miaka sabini sijayataja, hata nikiwa peke yangu. Nikakupa ng'ombe wa nyumba. Aloys ndiye aliyemchunga Sine. Nilijua mtu mwenye akili atafahamu."

Viateur alipangusa macho, akainua fimbo tena. Safari hii hakucheka.

"Sikilizeni. Ngarambe alimupa rafiki yake wa Kanama ile Gaju. Zetu zote zilikufa na ugonjwa, ndio tukaingia ziwani kuvua. Mi nilidhani hata ile ilisahauliwa. Aliyekupa ng'ombe, unaapa kwa jina lake. Sasa huyu mutu anatoka Likasi, hajui kwato na pembe, na ananitajia ng'ombe ya babu yangu mpaka uzao wa saba, tena analia! Nyumba iliyoshika ng'ombe yetu hivi, mutoto yangu atapotelea wapi humo? Damu si moja. Denyse ni wetu. Leteni bia, Fanta mupe batoto."

Vigelegele vikapasua shitingi. Denyse alimkumbatia baba yake, akacheka na kulia shingoni mwake. Yeye bado alikuwa anapiga hesabu, unaona midomo. "Minne na nusu," alikuwa akinong'ona. "Kumbe."

Ilipotulia, Viateur alimsogelea. "Lakini Sylvain, huyo rafiki ya Ngarambe, mwenye ng'ombe. Jina lake nani? Nyumbani walisemaka tu 'mutu wa Kanama'."

Wote wakamgeukia Mukagatare. Pale, nyuma ya meno mawili yaliyobaki, yalikuwepo majina yote ya nyumba ile, mazima, kwa mpangilio. Bibi alitutazama mmoja mmoja. Akaweka kiganja mdomoni.

Jumatatu Johnson aliwakusanya makarani chini ya paa, pembeni ya ndoo ya kukingia maji. Alitoa hotuba. Alisema kumbukumbu ni utajiri, kwamba mwenzetu amehifadhi vizazi saba kwa mikono yake mwenyewe, kwamba ni mfano. Walipiga makofi. Kisha akafungua kalamu kwa ajili ya ripoti.

"Kwa hiyo, Bwana Sylvain, tuandike: mwanzilishi wa ukoo wako aliitwa nani?"

Sylvain alikuwa ameshaanza kumwandika mtoto wa mtu.

"Mi sijui, shefu," akasema. "Ng'ombe yake iliitwa Gaju."